Kupeleka dawa za cheti visiwani na vijijini kwa droni: mwongozo kamili, tunaanzia kwenye leja ya stoo

Nimefanya kazi ya dawa kwenye zanahati za visiwani, Ziwa Victoria, na kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo ni kiboksi cha insulini nilichopokea kutoka kwenye mtumbwi wa wavuvi. Aliyeileta alikuwa mtu mwema kabisa, kaambiwa dawa ikae kwenye baridi basi yeye akaifukia kwenye barafu ya samaki ili isipate joto njiani, ikafika imeganda ngumu kama jiwe. Insulini ikishaganda imekwisha, hata ikiyeyuka ikarudi kuwa maji maangavu unayoona hayana kasoro, ni ya kutupa. Na mama aliyekuwa anaisubiri alikuwa amekaa kwenye benchi pale nje toka asubuhi, akaiona boti inafika, akasimama.

Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za droni mi sianzi na ndege, naanza na huyo mama. Mwongozo huu ni kwa watu wa halmashauri, wafamasia wa wilaya, mashirika yanayofadhili, na vijana wenye leseni zao za kurusha wanaotafuta kazi ya maana ya kufanya. Nitatumia mfano wa huku kwetu, Mwanza na visiwa vya Ukerewe, ila wa Turkana au wa milimani Kivu anaweza kubadilisha majina ya sehemu na kazi ikabaki ileile.

Na jambo lenyewe lilishafanyika hukuhuku. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ walijaribu kwa miezi sita kurusha dawa kutoka Mwanza mpaka Ukerewe, kilomita 60 juu ya maji, wastani wa dakika 40, wakati kwa barabara ni kilomita 240 na karibu saa sita. Ndege ilikuwa inabeba mpaka kilo 4. Rwanda walianza kabla yetu, Oktoba 2016 pale Muhanga na kampuni ya Zipline, na hao hawakuishia kwenye majaribio, wanaruka mpaka leo. Ukiniuliza tofauti nitakwambia Rwanda walianza na kitu kimoja tu, damu, na serikali ikakubali kuwa mteja anayelipia huduma, basi. Hawakuanza na orodha ya dawa mia mbili. Utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta damu inayoisha muda wake kwenye hospitali za kule ilipungua kwa asilimia 67 ndani ya miezi 12, na sababu ni rahisi kuielewa, hospitali ikijua damu inafika ndani ya saa moja inaacha kulimbikiza mifuko kwenye friji "kwa tahadhari" mpaka iharibike.

Hatua ya 1: Fungua leja kabla hujaangalia bei ya droni

Chukua leja za stoo za zanahati na vituo vya afya vyote unavyofikiria kuvihudumia, miezi 12 iliyopita, kaa navyo chini. Kila dawa iliyoandikwa OS (imeisha stoo) andika siku ngapi haikuwepo, na pembeni andika kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndo roho ya hatua hii. Dawa inakosekana kwa sababu tatu kubwa: haikuagizwa kwa wakati au iliagizwa kidogo kwenye fomu ya taarifa na maombi ya dawa, au iliagizwa lakini Bohari ya Dawa nao hawakuwa nayo, au ipo wilayani pale imekaa ila hakuna namna ya kuifikisha. Droni inatibu hiyo ya tatu peke yake. Kama matatizo yako mengi ni ya kwanza na ya pili, nunua muda wa kufundisha watu kuagiza vizuri, utaokoa watu wengi zaidi kwa hela ndogo.

Halafu toka kwenye leja uende kwenye rejista ya wodi ya wazazi na rejista ya rufaa. Tafuta wale waliotakiwa kupewa dawa fulani ndani ya saa chache wakapewa boti badala yake. Usiku mara ngapi, mchana mara ngapi, msimu gani. Hapa ongea na nesi na mkunga aliyekuwepo siku hiyo, rejista inaandika "rufaa" na kuishia hapo, yeye ndo atakwambia ziwa lilikuwa limechafuka na mwenye boti alikataa kutoka. Na ana haki ya kukataa, huku hakuna aliyesahau kivuko cha MV Nyerere kilichozama kati ya Bugolora na Ukara, Septemba 2018, watu zaidi ya 200 walikufa.

Ukimaliza unakuwa na karatasi moja tu: vituo vipi, dawa zipi, mara ngapi kwa mwezi, saa ngapi. Usiende hatua ya pili bila karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Chagua dawa chache, tano au sita zinatosha

Kipimo changu ni hiki: iwe nyepesi, iwe ya haraka au ya baridi, na kituo kinachopokea kiwe na mtu anayejua kuitumia na kukabiliana na madhara yake. Hicho cha tatu watu wanakiruka na ndicho kinachoweza kuua.

Mfano dawa ya sumu ya nyoka. Kila mtu anaitaja kwanza, na ni kweli inafaa sana kwa droni maana ni ghali, huwezi kuiweka kila zanahati ikaishia muda wake pale. Lakini mgonjwa anaweza kupata mzio mkali dakika chache baada ya kuwekewa. Ukiipeleka mahali hakuna adrenalini, hakuna dripu na hakuna mtu aliyewahi kuona mzio wa namna hiyo, umempelekea nesi mzigo wa kutisha. Kwa hiyo adrenalini inapakiwa kwenye kiboksi hichohicho, na daktari wa wilaya anakuwa kwenye simu muda wote. Damu vilevile, inaenda kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji na mtu wa maabara wa kulinganisha damu, haiendi zanahati.

Zinazofaa kwa uzoefu wangu: oksitosini ya kuzuia mama kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, insulini, chanjo ya kichaa cha mbwa (hii ina ratiba yake, siku ya 0, 3, 7 na 14, kwa hiyo safari nne unazijua kabla, raha sana kupanga), dawa ya sumu ya nyoka kwa masharti niliyosema, na dawa za cheti za mgonjwa mmojammoja zilizokosekana ghafla.

Zisizofaa: maji ya dripu kwa wingi, lita moja ni kilo moja na zaidi, chupa tatu umemaliza ndege. ARV na dawa za presha za kila mwezi nazo zipande boti, mpe mgonjwa za miezi mitatu au zaidi mkononi pale mwongozo unaporuhusu. Dawa zinazodhibitiwa kama mofini na diazepamu usianze nazo, subiri mpaka mfumo wako wa saini umekaa vizuri.

Neno moja kuhusu oksitosini kwa sababu inaniuma. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Ukihesabu muda wa kugundua, kupiga simu, kuandaa, kuruka dakika 40, kupokea, utaona umebaki na nini. Oksitosini inatakiwa iwe kwenye friji ya zanahati kabla mama hajapanda kitanda. Kazi nzuri kuliko zote ya droni ni kujaza friji hiyo siku leja inaposhuka kufikia kiwango mlichokubaliana, sio kukimbizana na damu inayotoka. Dharura ikitokea ruka, ndiyo, ila kesho yake uliza kwa nini friji ilikuwa tupu.

Hatua ya 3: Ndege ya aina gani

Ziko tatu kwa lugha nyepesi. Ile ya mapanga manne au sita inayopiga picha za harusi, inapaa na kutua popote ila inakula betri vibaya, kilomita chache tu imechoka. Ya mabawa, kama zile za Rwanda, inarushwa kama kwa manati, inaenda mbali (Zipline wanazungumzia eneo la kilomita 80 kutoka kituoni) na inadondosha mzigo kwa parachuti bila kutua, kwa hiyo kijijini huhitaji kitu zaidi ya kiwanja. Ubaya wake hairudi na mzigo kutoka kijijini. Ya tatu ni mchanganyiko, inapaa wima kama helikopta halafu inageuka kuruka kwa mabawa, ndo aina iliyotumika Ukerewe. Kwa visiwa mi naipenda hii ya tatu kwa sababu inatua na inaweza kubeba sampuli kurudi nazo.

Muuzaji akikutajia umbali wa ndege yake muulize: ukiwa na mzigo kamili? Na upepo? Na kwenye mwinuko gani? Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar au Mombasa, kwa hiyo mapanga yanafanya kazi zaidi kuinua uzito uleule na betri inashuka haraka. Jaribu ndege hapohapo itakapofanyia kazi, usikubali majibu ya jaribio la pwani au la Ulaya.

Upepo nao watu wanaukosea hesabu, wanasema nikienda unanipiga usoni nikirudi unanisukuma, unalipana. Haulipani. Chukua ndege inayokwenda kilomita 100 kwa saa na safari ya kilomita 60. Bila upepo ni dakika 36 kwenda na 36 kurudi, jumla 72. Weka upepo wa kilomita 30 kwa saa: kwenda unabaki na mwendo wa 70, dakika 51, kurudi unapata 130, dakika 28, jumla 79. Dakika saba hizo zinatoka kwenye betri, na hapo sijaweka kupaa na kutua wima ambako ndiko betri inakoliwa hasa. Sheria yangu ni kwamba ndege itue ikiwa imebaki na angalau asilimia 30, siku isiyofika hapo siku hiyo hatukupanga vizuri hata kama imefika salama.

Hatua ya 4: Vibali, anza mapema kuliko unavyodhani

Tanzania mwenye anga ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kanuni za ndege zisizo na rubani ndani yake ni za 2018. Unasajili ndege, rubani anakuwa na sifa zinazotambulika, unakata bima ya kufidia wengine, na kibali cha Wizara ya Ulinzi ni lazima. Kenya mamlaka kama hiyo ni KCAA, kanuni za 2020. Kazi ya dawa ina ugumu wake hapa, unaomba kuruka mbali ambako rubani haoni ndege kwa macho, kwa hiyo utatakiwa kuonyesha kwa maandishi itakuwaje mawasiliano yakikatika, betri ikishuka, ndege nyingine ikitokea. Andika hayo kwa ukweli, usinakili ya watu.

Mwanza kuna jambo la pekee, uwanja wa ndege uko kaskazini ya mji, ufukweni kabisa, na Ukerewe iko kaskazini vilevile. Yaani ukichora mstari mnyoofu kwenda Nansio, mji wa Ukerewe, unakaribia njia ya ndege za abiria. Lazima mkubaliane na mnara wa kuongozea ndege, njia ipi, kimo gani, na nani anampigia nani kabla ya kila safari.

Upande wa redio waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu masafa. Upande wa dawa kaa na Mganga Mkuu wa Wilaya, mfamasia wa wilaya, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na Baraza la Famasi, wajue nani anatoa dawa kwa cheti kipi na nani anawajibika ikiwa hewani. Na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 inakuhusu, jina la mgonjwa na ugonjwa wake ni siri yake hata kama umemletea dawa kwa ndege.

Hatua ya 5: Wananchi, uwanja na njia

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla droni haijaonekana angani. Itisha mkutano, nenda na ndege yenyewe, iweke mezani, waache waishike. Maswali mawili yatakuja kila mahali: ina kamera, inatupiga picha? na, ikianguka kwenye nyumba yangu nani analipa? Jibu la kwanza kwa kuwaonyesha, na kama ina kamera ya kuisaidia kutua sema hivyo, na picha zinaenda wapi. Jibu la pili kwa kutaja bima na jina la mtu wa kumwendea. BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo) usizisahau hata kidogo, wao ndo watakaoona ndege ikianguka majini kabla yako.

Uwanja wa kutua: tambarare, mbali na nyaya na miti, si njia ya kwenda kisimani wala uwanja wa shule, uzio hata wa miti tu na geti moja. Alama ya kitambaa cheupe ishikiliwe kwa mawe kila kona, kisichoshikiliwa kinaruka kuingia kwenye mapanga. Kiangazi mwagia maji kwanza, vumbi likiingia kwenye mota umeua mota.

Njia: pita juu ya maji na mapori zaidi ya juu ya nyumba, chini ya kimo ulichopewa (mara nyingi mita 120), na weka sehemu za kutua kwa dharura kila ulipo mwamba au kisiwa kidogo. Amua pia mahali ambapo ndege haitakiwi kurudi tena. Nyingi zinakuja na amri ya kurudi nyumbani mawasiliano yakikatika, lakini ikiwa imeshavuka kilomita 45 kati ya 60, kurudi ni kujiua, iende mbele. Pangeni hiyo kwenye programu kabla, na mtu wa kule ajue kwamba ikitokea ndege inaweza kufika bila simu.

Mwewe na furukombe ni tatizo la kweli, wanaiona droni kama mwenzao aliyeingia kwenye eneo lao na wanaipiga, kwa hiyo angalieni viota viko wapi mvipite mbali. Na hali ya hewa ya ziwa ina tabia yake: ngurumo za juu ya maji huja sana usiku kuamkia asubuhi, mchana mawingu yanahamia nchi kavu na upepo unatoka ziwani. Mara nyingi katikati ya asubuhi ndo dirisha lako zuri.

Hatua ya 6: Oda na cheti

Hapa ndipo naomba usiwe na haraka. Ndege ikikosea unapoteza ndege, cheti kikikosewa unapoteza mtu.

Tabibu wa zanahati anaandika cheti kama kawaida: namba ya mgonjwa, umri, uzito, ana mimba au hana, mzio, dawa, nguvu yake, dozi, siku ngapi. Kinatumwa kwa njia mliyokubaliana, na isiwe grupu la WhatsApp la watu arobaini. Mfamasia wilayani anakisoma, kisha anapiga simu kurudia kwa sauti kila neno. Namba soma tarakimu moja moja, kwa sababu sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini kwenye simu ya upepo wa ziwani vinafanana mno. Sema "sita, sifuri". Nimeona "sitini" inaandikwa 6 na mtu makini kabisa.

Kingine ni saa. Nesi akisema ndege ije saa mbili anamaanisha saa mbili asubuhi, rubani kwenye kompyuta yake anaona 08:00, na baadhi ya programu za anga zinaonyesha saa ya dunia ambayo kwetu iko nyuma saa tatu, yaani 05:00. Mtu mmoja akisoma 02:00 mnakosana siku nzima na dawa iko kwenye jua. Kubalianeni siku ya kwanza: kwa mdomo tunasema saa za Kiswahili na kutaja asubuhi, mchana au usiku, kwenye karatasi tunaandika kwa tarakimu nne.

Watu wawili wanahakiki dawa kabla haijafungwa, wote wanasaini. Kila kifurushi kina karatasi yake: namba ya oda, dawa, idadi, bechi namba, tarehe ya kuisha. Nje ya kiboksi usiandike jina la mtu, andika namba.

Hatua ya 7: Kufunga, hasa vya baridi

Oksitosini na insulini zinataka nyuzi 2 mpaka 8. Adui ni wawili, joto na kuganda, na nilishakwambia yaliyonikuta na huyo wa pili. Usitoe pakiti ya barafu kwenye friza ukaiweka moja kwa moja kwenye dawa. Itoe, iache mezani mpaka ianze kuyeyuka, ichukue uitikise sikioni, ukisikia maji yanagonga ndani basi iko tayari. Ukiitikisa ikakaa kimya subiri. Wenzetu wa chanjo wanafanya hivi miaka yote na ni kipimo kisichohitaji umeme.

Halafu mpangilio: pakiti kando, kadibodi au sponji katikati ya barafu na dawa, dawa kwenye mfuko usiopitisha maji, kipimajoto cha kurekodi katikati ya dawa na si kwenye kona. Vichupa vya kioo kila kimoja kwenye tundu lake la sponji visigongane. Kama ni ndege ya kudondosha kwa parachuti fanya jaribio la kudondosha vichupa vya maji kwanza, mara kumi, ufungue uhesabu vilivyopasuka.

Kabla ya dawa yoyote ya kweli fanya jaribio la siku moja: funga kiboksi cha vichupa vya maji na kipimajoto, kiweke juani mahali ndege itakapokuwa inasubiri, kiache saa nne. Soma grafu. Kiboksi kisichovumilia saa nne uwanjani hakitakusaidia siku ndege itakapochelewa. Mwisho pima uzito wa kiboksi kizima pamoja na barafu, watu wanapima dawa na kusahau barafu, na barafu mara nyingi ndo nzito kuliko dawa yenyewe. Kiweke kikae katikati ya ndege, mzigo ukiegemea nyuma ndege inapigana nao njia nzima.

Hatua ya 8: Siku ya kuruka

Rubani anasoma karatasi ya cheki kwa sauti na mwenzake anajibu, hata kama ni safari ya mia tatu. Betri zimejaa na hakuna iliyovimba, mapanga hayana ufa (pitisha kidole taratibu ukingoni, macho yanadanganya), mabawa yamekaza, GPS imeshika, mnara umejua, hali ya hewa ya huku na ya KULE. Ya kule ndo inasahaulika. Nesi anatoka nje, anaangalia kitambaa kwenye mti, anasema upepo unatoka wapi na mawingu yakoje, na neno lake likiwa hapana ni hapana, hata Mkurugenzi awepo uwanjani na wageni.

Betri chajini chumba tofauti na stoo ya dawa, kwenye sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga karibu, na mtu awepo. Za kukaa siku kadhaa ziachwe nusu, zisikae zimejaa wala tupu. Kila betri iwe na namba yake na daftari lake.

Hatua ya 9: Kupokea

Watu wawili kituoni wamefundishwa, si mmoja, maana mmoja atakuwa likizo. Hakuna anayevuka uzio mpaka mapanga yasimame na rubani aseme kwa simu "sawa, ingia". Watoto watakimbia kuja, wote, kila mara, kwa hiyo kazi ya mtu wa pili ni geti tu.

Kiboksi kinafunguliwa ndani, mezani. Angalia lakiri haijakatwa, soma kipimajoto, hesabu, linganisha bechi na karatasi, ingiza kwenye leja hapohapo, saini, piga simu wilayani. Kama joto limetoka nje ya kiwango au idadi haikubali, usitupe na usitumie: weka kwenye friji na karatasi kubwa USITUMIE mpaka mfamasia ajibu. Kisha mgonjwa anaitwa anaelezwa dawa yake uso kwa uso, anarudia mwenyewe atakavyoitumia. Kufika kwa ndege kusiwe sababu ya kumharakisha.

Mambo yakiharibika

Yataharibika. Kwenye mwili wa ndege andika kwa Kiswahili, herufi kubwa: HATARI, BETRI, USIFUNGUE, PIGA namba hii. Betri ya lithiamu iliyopasuka inaweza kuwaka muda mrefu baada ya ajali, mvuvi asiiweke kwenye mtumbwi wake wenye petroli. Waambieni mapema waangalie ilipo na wapige simu tu, na muwalipe muda wao. Dawa iliyopotea inaandikwa kwenye leja kama hasara, mgonjwa anatafutiwa nyingine siku hiyohiyo, TCAA wanapewa taarifa, na safari zinasimama mpaka sababu ijulikane.

Kwa hiyo boti ibaki. Kwenye bajeti weka mafuta ya boti ya dharura na mtu wa kuiendesha, usimruhusu mfadhili aifute eti sasa tuna droni.

Na hela hesabu zote, mishahara, bima, betri (zinachoka baada ya mizunguko mia mbili tatu hivi na zinakuwa gharama kubwa kuliko watu wanavyotarajia), spea, umeme, mafunzo ya wapokeaji kila mwaka. Gawa kwa safari, linganisha na boti ya kukodi. Mkataba na mwendeshaji mlipeni kwa vifurushi vilivyofika vizima kwa wakati, sio kwa idadi ya kilomita.

Ndege isirudi tupu

Hii naiweka mwisho kwa sababu inakuja baada ya miezi miwili mitatu mkishazoea, ila ipangeni toka mwanzo. Ndege iliyotua zanahati inarudi hata hivyo, basi irudi na makohozi ya kupima TB na damu kavu (matone yaliyokaushwa kwenye karatasi) ya watoto waliozaliwa na mama wenye VVU. Sampuli inafungwa mara tatu: kopo lililofungwa kabisa, mfuko usiovuja wenye kitu cha kunyonya maji ndani, kisha kiboksi kigumu, na kiboksi hicho kiwe cha rangi tofauti na cha dawa, visichanganywe hata siku moja. Malawi walianza kujaribu kurusha sampuli za watoto namna hii mwaka 2016, Lilongwe. Wilayani awepo mtu wa maabara wa kupokea, sio mlinzi, aandike saa iliyofika, na jibu lirudi kwa simu kwa tabibu aliyetuma kwa kutaja namba ya sampuli, ili yule mama aliyebeba mtoto wake toka kijiji cha pili aambiwe arudi lini na dawa ya mtoto iwe imeshapangiwa safari inayofuata.